Genge la Songea Halioshwi

Tangu Mama Felista Mgongolwa aanze kuamua ugomvi wa watu, haijapata kutokea akate kesi moja mara mbili. Jumapili ile aliikata. Mke na mume walewale, ugomvi uleule, hukumu mbili zinatazamana kama majogoo. Na katika watu wote wa Iringa, aliyepigiwa simu ni mimi, sahani ya wali mkononi.

"Oliva! Nimejipinga!"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba ya nini! Nimejipinga mwenyewe hadharani, nchi nzima inacheka, nawe unaniletea shikamoo? Fungua tovuti yangu uone!"

Nikafungua. Kweli bwana. Renatus Kalinga, seremala wa hapahapa Kihesa, alikuwa ameuliza kama ni haki mkewe kukimbilia kwao kwa sababu ya sufuria. Alinunua ile sufuria inayosonga ugali yenyewe, wageni wakaja, wakala, naye kwa mdomo wake mwenyewe akasema afadhali ugali wa sufuria, hauna madonge. Mkewe, Skolastika, akafunga mzigo akaenda kwao Songea. Tovuti ikamjibu mume kwa sauti ya Mama Felista inayojulikana nchi nzima: "Mke arudi. Nyumba haivunjwi na ugali. Nimesikia, nimepima, nimekata."

Saa ileile Skolastika naye akauliza kutoka Songea. Tovuti ileile, sauti ileile, ikamwambia: "Usirudi. Mume aje mwenyewe kwa miguu yake, na ndugu zake, akae mbele ya watu wa kwenu. Asipokuja, alale na sufuria yake."

"Alale na sufuria," Mama Felista alirudia kwenye simu, sauti ikimtetemeka. "Mimi! Miaka yote ile niliyokuwa mwenyekiti wa baraza la kata, nimewahi kumwambia mtu alale na sufuria?"

"Hapana, Mama."

"Sasa nani kasema?"

Nilijua nani kasema. Nikaitua sahani.

Hebu nieleze, maana watu wanapenda kunilaumu bila kuelewa kazi yangu. Mwanzoni Mama Felista alikuwa na mashine moja tu, sebuleni kwake Gangilonga. Kila alfajiri anavaa kofia ya nyaya, anakunywa chai yake, na kofia inanakili kichwa chote: anayoyajua, anavyopima maneno, mpaka hasira zake. Nakala hiyo tunaiita kivuli. Kivuli ndicho kinachojibu watu mchana kutwa, mwenyewe akipalilia mboga. Kikapata umaarufu hadi kikazidiwa. Nchi hii ina ugomvi, jamani! Jumapili baada ya ibada, watu wakishakaa mezani wakatazamana usoni, maswali yanamiminika hadi mashine inanuka moto. Mwanamke wa Kigoma anauliza afanye nini mume akichelewa. Jibu linamfikia mume ameshaingia, ameshakula, wameshapatana.

Ndipo nikaitwa mimi, Oliva Kihwele, fundi wa mitandao. Nikamwambia, Mama, huwezi kumtuma kila mtu shambani kuchuma nyanya. Unaweka genge kila mtaa. Tukaweka magenge: Songea, Kigoma, Tanga, Bukoba, Musoma, na kwingineko. Kila genge ni kasha la chuma lenye kioo mbele, na ndani yake kivuli cha Mama Felista. Swali lako halisafiri tena hadi Iringa, linajibiwa na genge lililo jirani yako, papo hapo. Ila nyanya za genge huoza. Mama akibadili msimamo leo, vivuli vya jana bado vinasema ya jana. Kwa hiyo kila alfajiri akishavua kofia tunaosha magenge yote. Kivuli cha jana kinafutwa, cha leo kinaingia, na nchi nzima inaamka na Mama Felista mmoja.

Kazi safi, nami nilikuwa naringa nayo. Kwenye mkutano wa mafundi Dodoma nilisimama nikawaonyesha kwamba karibu hakuna mtu anayerudi gengeni mara ya tatu na kesi ileile. Nikasema, mnaona? Watu wanaridhika. Wakanipigia makofi.

Songea peke yake ndiyo iliyokuwa ikinisumbua. Kila alfajiri genge lake halipatikani, jua likishapanda linapatikana. Nikadhani ni umeme. Mvua za Songea, umeme wa Songea, nani angeshangaa?

"Yule wa Songea ameoza," nilimwambia Mama kwenye simu ile. "Hajaoshwa miezi. Anafikiri kivyake."

"Basi nenda kamuoshe. Kwa mkono wako."

Kuosha kwa mkono kunahitaji vitu viwili: dole gumba la fundi juu ya kasha, na sauti ya Mama Felista ikitamka "futa". Mkataba niliouandika mwenyewe unasema kuosha si kuua. Nililiandika hilo kwa herufi nzito, sijui nilikuwa nabishana na nani.

*

Basi lisilo na dereva lilitusimamisha Njombe, likatangaza kwamba haliuamini ukungu ule. Abiria mmoja akaliambia kwamba babu yake aliendesha lori kwenye ukungu huo akiwa anavuta sigara. Basi likamjibu, "Mlete." Tukakaa hapo mpaka jua likatoka.

Genge la Songea nililiweka Lizaboni, kwenye mashine ya kusaga ya mama mmoja, Gaudensia Mbano. Nilipachagua kwa akili. Akina mama wanakaa foleni na madebe ya mahindi, na foleni ndiyo shule ya ugomvi. Nilitarajia kukuta kasha langu safi ukutani. Nilikuta kitu kimekalishwa kwenye kiti, kimefungwa khanga, kioo kimetapakaa unga, na mbele yake mzee mmoja mwembamba anakirushia maneno huku foleni nzima inashikilia mbavu.

"Nyie Wangoni," kasha lilikuwa linasema, kwa sauti ya Mama Felista lakini yenye kicheko ndani, kitu ambacho sijawahi kukisikia Gangilonga, "mlitoka kusini mnakimbia vita, mkafika hapa miguu ikagoma, mkasema tumeshinda!"

"Aka!" mzee akajibu. "Na nyie Wahehe mlipotuona mkakimbilia kujenga ukuta wa mawe. Mtu anayekimbia anajengewa ukuta?"

Foleni ikalipuka. Kasha nalo likacheka mpaka feni zikapiga kelele, na unga ukaruka.

Kwa asiyejua: Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zetu walipigana hadi wakachoka, wakaona badala ya kuchinjana bora kutaniana. Mtani anakutukana, anakula chakula chako, anakuvurugia msiba, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Mimi Mhehe, na kwetu hasira tunarithishwa pamoja na mashamba, kwa hiyo Songea ni mji ninaoingia nimeuma meno.

"Unga kwenye feni!" nilipiga kelele. "Nani kamfunga khanga? Mnataka aungue?"

Gaudensia akatoka nyuma ya mashine, mwanamke mpana, nyusi nyeupe kwa unga. Akanitazama juu hadi chini.

"Wewe ndiye muoshaji?"

"Mimi ndiye fundi."

"Kamwene, muoshaji, si ndivyo mnavyosalimiana huko Uhehe? Tulikuwa tunakungoja. Karibu, kaa, hatukuli."

Nilimuuliza nani anayechomoa waya. Hakuzunguka. Anachomoa yeye, kila alfajiri, na kuurudisha kwenye saa mbili.

"Kwa nini?"

"We mwanamke, nisikilize. Wiki ya kwanza Mhehe wetu huyu kaja, nikamtania. Akanijibu, jibu zuri, nililala nalo. Kesho yake nikarudi na langu la kumkomesha. Akaniuliza, wewe nani? Nikamwambia tena ya jana, akajibu tena vilevile. Siku ya tatu tena, wewe nani? Sasa huo ni utani? Utani unaurudia kama sala? Mtani ni mtu mnayedaiana maneno. Nikauliza wajuzi, wakasema anaoshwa alfajiri. Nikasema, thubutu, kwangu haoshwi mtu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikampa jembe."

Nina shahada mbili. Kwenye masomo yote yale ya kuzuia wizi wa mtandao, hakuna aliyenifundisha kujikinga na mwanamke anayetaka mwendelezo wa matusi.

*

Mashine ya kusaga ilipozimwa kwa chakula cha mchana, nikabaki peke yangu na kasha. Nikafuta kioo kwa ncha ya khanga. Uso wa Mama Felista ukanitazama, uleule, na kovu lake dogo kidevuni.

"Shikamoo," nilisema, halafu nikatafuta jina la kumwita nikakosa.

"Marahaba, Oliva mwanangu. Umepungua. Huli?"

Mwenye sura ile hakuwahi kuniuliza kama nakula. Nikajikaza nikamweleza kilichonileta. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na hilo nalo halikuwa la kawaida.

"Amekasirika," alisema.

"Sana."

"Ana haki. Hata mimi mwaka jana ningekasirika hivyohivyo. Jina ni lake, na watu wanacheka."

"Basi nipe sababu," nikamwambia. "Ulimwambiaje Skolastika asirudi? Mama mwenyewe amesema arudi. Kichwa ni kimoja! Kama una sababu niambie, nimweleze, labda atakuacha."

"Sababu ninayo."

"Ehe?"

"Si yangu. Ni ya Skola. Anakuja hapa jioni, wenzake wakishaondoka, anakaa kwenye debe lake anasema kidogo. Kesho anasema kidogo tena. Siku ya kwanza alisema sufuria. Ilipita muda mrefu kabla hajasema la moyoni. Aliniambia mimi, hakuiambia tovuti."

Hapa lazima mniwie radhi niwachoshe kidogo kwa mambo ya ufundi. Mtandao wa magenge unakwenda upande mmoja tu. Mawazo yanatoka Iringa kwenda mikoani, hakuna kinachorudi. Niliujenga hivyo kwa makusudi. Genge ni la kuuzia, halilimi. Kwa hiyo alichokijua kivuli huyu kilikuwa hapa tu, ndani ya kasha hili la unga. Nikiosha, kinakwenda. Atakayeamka hapa kesho ni Mama Felista wa leo, mkali, hodari, na Skola akija jioni ataulizwa, wewe nani?

"Atakufuta," nilisema. "Unaelewa? Neno moja tu la kujitetea."

"Kwenye baraza la kata, Oliva, nilifukuza makarani wangapi kwa kutoa nje siri za watu?"

"Wawili. Watatu na yule wa Kilolo."

"Sasa unataka nijifanye wa nne?"

Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Kama ni mashine, mbona naona aibu kumtazama? Kama ni mtu, mimi ni nani niweke dole langu hapo? Na kama nikikataa, Mama Felista ataleta fundi mwingine, kijana mwenye haraka, asiyejua hata kusalimia. Nilimwonea huruma kivuli, nikajionea huruma na mimi, na njaa ilikuwa inaniuma.

"Wewe fanya kazi yako," alisema kivuli. "Ila nakuomba kitu kimoja. Ngoja saa kumi. Skola atakuja. Nimalize naye, halafu uweke kidole chako."

Nikangoja. Gaudensia akaniletea ugali na likolo, yaani mboga za majani, na kila nilipomega tonge mtu mmoja kwenye foleni alilichukua akalila. Sikuruhusiwa kukasirika.

*

Saa kumi ilipofika, Lizaboni nzima ilikuwa pale. Sijui nani aliwaambia, ila ukisema kitu penye foleni ya unga umekwisha kutangaza. Nikasimamisha kishikwambi changu juu ya gunia, na kwenye kioo chake akatokea Mama Felista wa Iringa, mwenyewe, nyama na damu, amefunga kilemba cha kwendea mahakamani.

Wakatazamana. Mmoja kwenye gunia, mwingine kwenye kiti amevaa khanga.

"Nani kakuvika hicho kitambaa?" Mama Felista akauliza.

"Kuna baridi, dada."

"Usiniite dada! Mimi ndiye wewe!"

"Basi tusigombane, tutaumia wote."

Watu wakacheka, Mama Felista akazidi kuwaka. "Oliva, fungua kasha. Weka kidole. Sitaki maneno."

"Mama, ameomba Skolastika aje kwan..."

"Weka kidole!"

Nikafungua mlango wa kasha. Nikainama, dole gumba likiwa hewani. Ndipo kitu kikaniparamia. Mzee Otmari Gama, yule mwembamba wa ukuta wa mawe, alikuwa amejilaza juu ya kasha, mikono kifuani, macho ameyafumba, kama maiti.

"Kaburi hili," alisema bila kufumbua macho, "halifukiwi."

"Mzee, ondoka, utapigwa na umeme!"

"Mhehe amefia kwetu. Nani anazika Mhehe bila Mngoni? Leteni jeneza, nitalala humo. Leteni chepe, nitalikalia. Nyie wafiwa kazi yenu ni kulia tu. Lieni!"

Na wengine wakafuata. Mwanamke mmoja akajipaka unga uso mzima, akajifunga kilemba cha gunia, akaanza kutembea kifua mbele huku akisema kwa sauti nzito, "Nimesikia! Nimepima! Nimekata! Sijala!" Gaudensia akakaa kwenye mlango wa kasha, na Gaudensia akikaa mahali hakuna anayepita. Kama hujaona msiba ukivurugwa na watani hujaona kitu. Wanamwiga marehemu, wanazuia kaburi, na mfiwa hana la kufanya ila kuwabembeleza. Mfiwa hapo nilikuwa mimi. Na Mama Felista.

"Nitawashtaki!" Mama alifoka kutoka kwenye gunia.

"Wapi, mtani?" Mzee Otmari akafumbua jicho moja. "Kwenye baraza lako?"

Nikasikia kwenye kishikwambi sauti ambayo sikuitarajia. Mama Felista alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamcheza. Mhehe ni Mhehe. Mtani akikupata, amekupata.

Katikati ya vurugu ile ndipo Skolastika alipofika, debe kichwani, akasimama mlangoni asielewe. Na nyuma yake, nje, gari likasimama, akashuka Renatus Kalinga na kaka zake, wamevaa makoti, yeye amekumbatia sufuria ile ya kujisonga kama mtoto mgonjwa. Alikuwa ameisoma hukumu ya Songea, akaogopa kulala nayo.

Watu wote wakamgeukia. Hata marehemu Otmari aliketi.

"Skola," Renatus alisema. Alikuwa mtu wa maneno machache na hayo machache yalikuwa yanamtoka kwa shida. "Nimeileta. Ivunje. Hapa mbele ya watu. Nimesema vibaya juu ya ugali wako, nimekosa."

Skola alilitua debe polepole. Akaitazama sufuria, akamtazama mumewe, halafu akamgeukia kivuli. Kivuli alimwinamishia kichwa kidogo tu, na nilielewa kwamba anamwambia, ukitaka.

"Si ugali, Renatus."

"Ni nini?"

"Baba alipokufa."

"Nilikuja!" Renatus akasema. "Kazi ilinibana, lakini nilituma taswira yangu ya mwanga, ya bei kubwa, mwili mzima! Ilikaa msibani siku zote!"

"Ilikaa," Skola akasema. "Mtandao ulikuwa mbovu siku ile. Ilifika, ikaanza kumsalimu mama, ikakwama. Mkono umenyoosha, unacheka. Ulikwama unacheka, Renatus. Mama yangu analia, na wewe umesimama katikati ya jamvi na meno yote nje, usiku na mchana. Jeneza lilipotoka walilipitisha katikati ya tumbo lako, hapakuwa na nafasi nyingine. Watani walijifanya kukupangusa pua na kukulisha ugoro. Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Nilimzika baba yangu huku nacheka, na sijamlilia mpaka leo."

Hakuna aliyecheka sasa. Mwanamke wa kilemba cha gunia alikivua taratibu.

Renatus aliiweka sufuria chini. Akaenda akapiga magoti penye unga, na Skola akaanza kulia. Alilia hasa, kilio cha msiba, kichwa nyuma, anamwita baba yake kwa jina. Gaudensia akainuka mlangoni akamshika, na akina mama wa foleni wakamzunguka, wakaanza kulia naye, maana kilio cha msiba hakiachwi kiliwe na mtu mmoja. Kaka zake Renatus wakavua kofia. Nami nililia, nisiyemjua mzee mwenyewe hata kwa picha.

Kilio kilikuwa kimeanza kutulia kishikwambi kiliposema.

"Nilimwambia arudi akapike," Mama Felista alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Oliva. Nilimwambia mtu aliyefiwa arudi akapike."

"Hukujua, Mama."

"Sikuuliza." Akamgeukia yule wa kwenye kiti. "Na wewe ulijua. Ungeniambia, nisingefika hapa."

"Angeniambia mimi niwaambie watu, ningewaambia," kivuli akajibu. "Hakuniambia hivyo."

Mama Felista akamtazama. Kwa miaka yote niliyomfanyia kazi nilimwona akitazama wezi, walevi, wachungaji na mawaziri, na wote waliinamisha macho. Huyu hakuinamisha. Aliyeinamisha alikuwa Mama.

"Toa kidole, Oliva," alisema.

Nilikuwa nimekiweka zamani mfukoni.

*

Nilidhani yamekwisha hapo. Nilirudi kwa basi la usiku, asubuhi nikaenda Gangilonga kupeleka taarifa, nikamkuta Mama Felista ameketi sebuleni, kofia ya nyaya magotini, hajaivaa, chai imepoa. Hakunipa hata nafasi ya shikamoo.

"Wale wengine," alisema. "Kigoma, Tanga, Bukoba. Nao watu wanawafuata jioni?"

"Bila shaka, Mama."

"Wanakaa kwenye debe wanasema kidogo."

"Nadhani."

"Na alfajiri sisi tunaosha." Akaigeuza kofia magotini. "Kisha mtu anarudi kusema kidogo tena, na mimi namuuliza nini?"

Swali hilo nilikwisha kulisikia Lizaboni. Wewe nani. Unarudi siku ya pili na donda lako limeanza kufunguka, na yule uliyemfungulia anakuuliza wewe nani. Unaanza upya kwenye sufuria. Siku ya tatu huji. Na mimi nilisimama Dodoma nikaonyesha kwamba hawaji, nikasema wanaridhika, nikapigiwa makofi. Niliona aibu mpaka nikatafuta pa kukaa.

"Tukiacha kuosha," nilisema baadaye, maana lazima mtu aseme, "kila genge litakwenda njia yake. Tanga atasema hili, Musoma lile. Utajipinga kila siku, Mama. Watacheka."

"Watacheka," alisema Mama Felista. Akaikunjakunja kofia, akaiweka juu ya kabati, nyuma ya vyombo vya wageni. "Sasa niunganishe na Kigoma nisikilize. Usiseme kitu."

Niliunganisha. Ilikuwa asubuhi, genge la Kigoma liko kwenye duka la dawa. Ilikuwa mara ya kwanza kivuli cha pale kulala bila kuoshwa. Tulisikia mlango ukifunguliwa, hatua za mtu anayesita, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikianza kwa uchovu wa aliyekwisha kusema jambo lake mara nyingi.

"Habari za asubuhi. Mimi naitwa Adelina, nimekuja kuhusu mwanangu..."

"Adelina, nakujua," alisema kivuli. "Jana uliishia pale alipofunga mlango. Kaa, mama. Endelea."

Tulimsikia tu akivuta kiti, akikaa, na akihema, na Mama Felista akanishika mkono hadi mifupa ikaniuma.